Allama Muhammad Iqbal (1877–1938): Mshairi na Mwanafalsafa katika Kifua Kimoja

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Aliyempa mwanadamu akili ya kufikiri na ulimi wa kubainisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wanafunzi wapendwa, watu wamezoea kuwatenga washairi na wanafalsafa kana kwamba ni makabila mawili yasiyooana. Mshairi huonekana ni mtu wa hisia, anayelia na kucheka kwa maneno matamu. Mwanafalsafa huonekana ni mtu mkavu, anayeuliza kwa nini na vipi, na hatosheki mpaka aletewe hoja. Je, hawa wawili wanatofautiana kweli? Na kama wanatofautiana, yupi kati yao anawafaa watu zaidi? Mwaka huu tumeona tulijibu swali hili kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye swali lenyewe lilimsumbua yeye mwenyewe, hata likakaribia kumfanya aache kazi ambayo leo ndiyo anayokumbukwa kwayo. Mtu huyo ni Allama Muhammad Iqbal, Allah amrehemu.

Kuzaliwa na malezi yake

Muhammad Iqbal alizaliwa tarehe 9 Novemba 1877 katika mji wa Sialkot, jimbo la Punjab, wakati Bara Hindi lote likiwa chini ya utawala wa Waingereza. Asili ya ukoo wake ni Kashmir, na wazee wake wa zamani walikuwa Mabaniani wa tabaka la Brahmin waliosilimu. Baba yake, Sheikh Noor Muhammad, alikuwa fundi wa kushona nguo na kofia. Hakusoma shule, lakini alikuwa mcha Mungu na alipenda kukaa na wanavyuoni. Mama yake, Imam Bibi, naye hakuwa msomi, lakini alijulikana kwa wema wake na kwa kuwasaidia majirani mafukara.

Inasimuliwa kwamba Iqbal alipokuwa kijana alikuwa na ada ya kusoma Qur'ani kila baada ya sala ya alfajiri. Siku moja baba yake alimnasihi kwamba aisome kana kwamba inamteremkia yeye mwenyewe, na kwamba Mwenyezi Mungu anazungumza naye. Nasaha hiyo ya fundi wa nguo asiyesoma shule ilibaki naye mpaka kufa, kuliko mengi aliyoyasikia kwa maprofesa.

Mwalimu wake wa kwanza mkubwa alikuwa Sayyid Mir Hasan, bingwa wa Kiarabu na Kiajemi, aliyemfundisha hapo hapo Sialkot. Kwake Iqbal alionja utamu wa lugha na akaanza kutunga. Hakumsahau mwalimu wake huyo. Miaka mingi baadaye, serikali ilipotaka kumpa Iqbal cheo cha heshima cha Sir, alichokipokea Januari 1923, inasimuliwa kwamba aliomba kwanza mwalimu wake apewe lakabu ya Shams-ul-Ulama, yaani Jua la Wanavyuoni. Alipoulizwa mwalimu huyo ameandika kitabu gani, alijibu kuwa yeye Iqbal ndiye kitabu chake. Mzee Mir Hasan akapewa lakabu hiyo.

Lahore: falsafa mchana, mashairi usiku

Alipomaliza masomo ya Sialkot, Iqbal alikwenda Lahore na kujiunga na Chuo cha Serikali. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1897, na mwaka 1899 akapata shahada ya pili katika falsafa. Huko alisomeshwa na Mwingereza, Profesa Thomas Arnold, mtu aliyeandika kitabu mashuhuri kuhusu kuenea kwa Uislamu kwa njia ya mahubiri. Arnold ndiye aliyemfungulia mlango wa falsafa ya Magharibi.

Lakini wakati huo huo ulimi wa kijana huyu ulikuwa ukijulikana mjini kwa jambo jingine. Lahore ilikuwa na mabaraza ya washairi, na Iqbal alikuwa na sauti nzuri ya kughani. Mwaka 1900 alisimama katika mkutano wa mwaka wa Anjuman-i Himayat-i Islam, jumuiya ya Waislamu iliyokuwa ikiendesha shule na kulea mayatima, akaghani shairi refu juu ya kilio cha yatima. Mwaka uliofuata rafiki yake, Sheikh Abdul Qadir, alianzisha jarida la Makhzan, na toleo la kwanza lilikuwa na shairi la Iqbal kuhusu milima ya Himalaya. Mwaka 1902 aliandika dua ya mtoto kwa njia ya shairi, ambamo mtoto anamuomba Mola ayafanye maisha yake yawe kama mshumaa unaowaangazia wengine. Dua hiyo bado inasomwa na watoto wengi wa shule nchini Pakistan.

Basi kutoka mwanzo alikuwa na njia mbili mbele yake: chuoni alifundisha na kusoma hoja, na barazani alighani. Hakuona ugomvi baina yake. Ugomvi ulikuja alipokwenda Ulaya.

Ulaya: mshairi anayetaka kuacha ushairi

Mwaka 1905 Iqbal alisafiri kwenda Uingereza. Alisoma falsafa katika Chuo cha Trinity, Cambridge, na akasomea uwakili London. Cambridge alisomeshwa na James Ward na John McTaggart. Kisha alikwenda Ujerumani, akajifunza Kijerumani katika mji wa Heidelberg, na akatunukiwa udaktari wa falsafa na Chuo Kikuu cha Munich kwa tasnifu kuhusu maendeleo ya fikra za falsafa katika nchi ya Uajemi. Tasnifu hiyo ilichapishwa London mwaka 1908.

Ndani ya miaka hiyo alipatwa na jambo zito. Aliiona Ulaya ilivyoendelea kwa viwanda na elimu, na akaiona pia ilivyopofuka kwa ubaguzi wa mataifa na uroho wa mali. Akawatazama Waislamu wenzake, wengi wao wakiwa watumwa wa wageni katika nchi zao wenyewe. Akajiuliza: mashairi yatawasaidia nini watu walio katika hali hii? Je, si afadhali kutumia umri wake katika kazi yenye faida?

Siku moja alimwambia Sheikh Abdul Qadir, ambaye naye alikuwa Uingereza wakati huo, kwamba ameazimia kuacha kutunga. Rafiki yake akapinga. Akamwambia kuwa maneno yake yana athari ambayo huenda ikawa dawa ya maradhi ya umma wake, na kuacha kipawa cha namna hiyo si sawa. Walibishana, kisha wakakubaliana wampelekee Profesa Arnold aamue. Arnold akamuunga mkono Abdul Qadir: wakati anaoutumia Iqbal katika ushairi ni wakati wenye faida kwake na kwa nchi yake. Iqbal akatii.

Ndugu msomaji, zingatia hapa. Aliyetaka kuacha ushairi ni mwanafalsafa aliyemo ndani ya Iqbal, na waliomzuia ni rafiki na mwalimu. Lau asingekuwa na watu wa kuwashauri, au lau angekuwa na kiburi cha kutosikia, leo asingekuwapo Iqbal tunayemjua.

Wapi wanakutana, wapi wanaachana

Iqbal alirudi Lahore mwaka 1908. Alifundisha falsafa kwa muda mfupi, kisha akaishi kwa kazi ya uwakili mahakamani. Kutoka hapo tunaweza kuona vizuri jinsi mshairi na mwanafalsafa walivyofanana na walivyotofautiana ndani yake.

Wanafanana katika swali. Wote wawili hawatosheki na sura ya nje ya mambo. Mtu wa kawaida hupita makaburini akaona mawe. Mshairi na mwanafalsafa husimama wakauliza: mwanadamu ni nini, ametoka wapi, anakwenda wapi, na ni kipi kinachobaki? Wote wawili hushangaa, na kushangaa ndio mwanzo wa kutafuta.

Wanatofautiana katika njia. Mwanafalsafa hupanda ngazi hatua kwa hatua, na kila hatua huijaribu kwa mguu kabla ya kuikanyaga. Mshairi huruka kama ndege, akatua juu ya paa, kisha akawaita walio chini. Mwanafalsafa huitaka akili yako ikubali. Mshairi huutaka moyo wako uamke. Maneno ya mwanafalsafa ni lazima yawe na maana moja tu, la sivyo hoja huvunjika. Maneno ya mshairi hubeba maana mbili tatu, na ndio uzuri wake.

Tuchukue mfano mmoja kutoka katika kazi za Iqbal mwenyewe, nao ni suala la wakati. Mwalimu wake wa Cambridge, McTaggart, alikuwa na rai kuwa wakati si kitu cha kweli, na mwaka 1908 aliandika makala mashuhuri ya kuthibitisha hivyo. Iqbal hakuikubali. Katika mihadhara yake ya miaka ya 1928 na 1929, aliyoisoma Madras, Hyderabad na Aligarh, aliijadili rai hiyo pamoja na maneno ya wanavyuoni wa Kiash'ari, Bergson na Einstein, akajibu kwa hoja. Kuisoma sehemu hiyo kunataka utulivu na kurudiarudia.

Januari 1933 Iqbal alifika Hispania na akaingia katika Msikiti Mkuu wa Cordoba, uliogeuzwa kanisa tangu Waislamu waliponyang'anywa mji huo mwaka 1236. Akasali ndani yake. Kisha akatunga shairi juu ya msikiti huo, ambalo wengi hulihesabu kuwa miongoni mwa mashairi bora ya Kiurdu. Na shairi hilo linaanza na nini? Linaanza na suala lile lile la wakati: mfuatano wa usiku na mchana unaofuta kila kitu. Lakini safari hii hajibu kwa hoja za McTaggart. Anaonyesha nguzo za msikiti, na anasema kwa maana kwamba kila kazi ya mikono ya watu hupotea, isipokuwa ile iliyojengwa na mja wa Mungu kwa mapenzi ya kweli. Swali ni moja, mtu ni mmoja, lakini milango ni miwili. Mhadhara unakufanya uelewe. Shairi linakufanya utamani kuwa mmoja wa wajenzi wale.

Alipowakosoa wote wawili

Baadhi ya watu hudhani kuwa Iqbal alipochagua ushairi aliwapendelea washairi. Sivyo. Mwaka 1915 alitoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi ya Kiajemi, Asrar-i Khudi, yaani Siri za Nafsi. Ndani yake alieleza kuwa Mwislamu hatakiwi kuifuta nafsi yake na kukaa kitako, bali anatakiwa kuijenga kwa utiifu, kwa kuizuia matamanio yake, mpaka ifae kuwa khalifa wa Mwenyezi Mungu katika ardhi.

Humo amesimulia kisa cha kondoo waliochoka kuliwa na simba. Kondoo mmoja mjanja akajifanya mhubiri, akawahubiria simba kuwa nguvu ni uovu na kwamba kula majani ndio wema. Simba waliochoka kuwinda wakapendezwa na mahubiri hayo, wakala majani, meno yao yakawa butu na mioyo ikafa, wao wakadhani kuwa wamestaarabika. Baada ya kisa hicho Iqbal akamtaja Plato, mwanafalsafa mkubwa wa Kiyunani, kuwa ni miongoni mwa waliowafundisha watu kuudharau ulimwengu huu wa vitendo kwa kuota ulimwengu mwingine wa fikra tupu. Na katika toleo hilo hilo la kwanza akamkosoa vikali Hafiz wa Shiraz, mshairi mpendwa wa Waajemi, kwa kuwa utamu wa mashairi yake, kwa maoni ya Iqbal, unawalevya watu na kuwalaza.

Basi akawa amemshika mwanafalsafa kwa mkono mmoja na mshairi kwa mkono wa pili, na kosa lao mbele yake ni moja: kuwalaza watu usingizi. Zogo likazuka. Wapenzi wa Hafiz na baadhi ya watu wa tarika walimshambulia kwa maandishi. Iqbal akajibu, lakini pia akasikia. Katika toleo la pili akaziondoa beti zilizomtaja Hafiz, ingawa fikra yake hakuibadilisha.

Haikuwa mara ya kwanza kulaumiwa. Mwaka 1911, katika mkutano wa Anjuman mjini Lahore, alighani shairi lake la Shikwa, yaani Lalamiko, ambamo Mwislamu anamlalamikia Mola wake juu ya unyonge wa umma. Baadhi ya watu waliona amevuka mipaka ya adabu. Baadaye, wakati wa vita vya Balkan, akaghani Jawabu la lile Lalamiko, ambamo Waislamu wanaambiwa kuwa aibu ni yao wenyewe: wamebaki na majina ya baba zao bila ya vitendo vyao. Katika kazi za falsafa pia, wapo wanavyuoni ambao hawakukubaliana naye katika baadhi ya aliyoyasema kwenye mihadhara yake. Iqbal hakuwa maasumu, na msomaji mwenye adabu huchukua lililo sawa na kuliacha lisilo sawa.

Mizani ni ipi?

Kama mshairi anaweza kulaza watu, na mwanafalsafa anaweza kulaza watu, basi mizani ya kuwapimia ni ipi? Wanafunzi waliosoma Surat Ash-Shu'araa wanajua kuwa mwisho wa sura hiyo washairi wanalaumiwa kwa kutangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda. Kisha wanatolewa walioamini, wakatenda mema na wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Hassan bin Thabit (R.A.) alikuwa mshairi, na Mtume (S.A.W.) alimwekea mimbari msikitini. Na Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwajibu wanafalsafa kwa kitabu kizima, lakini hakuitupa mantiki. Aliisoma na kuitumia. Kwa hivyo Uislamu haukukataa ushairi wala kufikiri. Uliuliza tu: vinamwongoza mtu kwenda wapi?

Hiyo ndiyo mizani aliyoishika Iqbal. Katika mashairi yake mara kwa mara huwaweka pamoja watu wawili: Fakhruddin Ar-Razi, bwana wa hoja, na Maulana Jalaluddin Rumi, bwana wa mapenzi. Moyo wake ulielekea kwa Rumi. Katika Javid Nama, kitabu kilichotoka mwaka 1932, Rumi ndiye anayemshika mkono na kumpitisha mbinguni. Lakini akili hakuifukuza. Aliona kuwa ni taa ya kuonyesha njia, wala si mwisho wa safari. Na yeye mwenyewe hakupenda kuitwa mshairi tu. Alisema waziwazi katika beti zake kuwa anayemtuhumu kwa ushairi hakumfahamu, kwani beti kwake ni chombo cha kubebea ujumbe.

Chombo hicho kilikuwa kikubwa. Inakadiriwa kuwa alitunga beti 12,000 hivi, na zaidi ya nusu yake kwa Kiajemi, ili asikike nje ya Bara Hindi pia. Mihadhara yake ya falsafa, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1930, ni kitabu kimoja kisicho kikubwa, kinachosomwa zaidi na wanachuo. Mashairi yake yamehifadhiwa hata na watu wasiojua kusoma. Lakini lau asingekuwa mwanafalsafa, mashairi hayo yangekuwa sauti nzuri tu. Falsafa ilimpa la kusema, na ushairi ukampa njia ya kulifikisha.

Miaka ya mwisho

Iqbal aliingia pia katika siasa. Tarehe 29 Desemba 1930, akiwa mwenyekiti wa mkutano wa Muslim League mjini Allahabad, alitoa rai kuwa Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi wawe na dola yao. Pakistan iliundwa tarehe 14 Agosti 1947, yeye akiwa ameshafariki, na leo wananchi wake humwita mshairi wa taifa. Mwaka 1931 alihudhuria mkutano wa Waislamu mjini Baitul Muqaddas.

Kisha ukaja mtihani. Januari 1934, baada ya Idi, alishikwa na maradhi ya koo, na sauti ile iliyokuwa ikiwaliza maelfu ya watu ikapotea. Akaacha uwakili. Mwaka 1935 mkewe, Sardar Begum, akafariki na kumwachia watoto wawili wadogo: Javid mwenye umri wa miaka 10, na Munira mwenye miaka 4. Mtu wa namna hii angeweza kukata tamaa. Lakini ni katika miaka hiyo hiyo, 1935 na 1936, ndipo vilipotoka vitabu vyake vya Bal-i Jibril na Zarb-i Kalim. Sauti ilikwenda, kalamu ikabaki.

Alitamani sana kuhiji na kumzuru Mtume (S.A.W.) Madina, lakini hakujaaliwa kufika. Kitabu chake cha mwisho alikiita Armughan-i Hijaz, yaani Zawadi ya Hijaz, nacho kilichapishwa baada ya kufa kwake. Alifariki mjini Lahore alfajiri ya tarehe 21 Aprili 1938, akiwa na umri wa miaka 60, akazikwa kando ya Msikiti wa Badshahi.

Mafunzo tunayoyapata

1. Mwenye kipawa asikidharau kwa sababu hakifanani na kipawa cha mwenzake. Anayependa hesabu na mantiki, na anayependa kasida na tenzi, wote wanahitajiwa na umma.

2. Maneno matamu bila ya fikra ni ulevi, na fikra bila ya moyo ni jangwa. Atakayejaaliwa vyote viwili ashukuru, na aliyejaaliwa kimoja akae karibu na mwenye cha pili.

3. Tusiamue mambo makubwa peke yetu. Iqbal aliokolewa na rafiki mkweli na mwalimu mwenye busara.

4. Mwalimu wa mwanzo ana haki isiyosahaulika, hata mwanafunzi akipata shahada za nchi za mbali.

5. Mshairi na mwanafalsafa wote watapimwa kwa swali moja: je, maneno yao yaliwaamsha watu wakafanya mema, au yaliwalaza? Na sisi tusiokuwa washairi wala wanafalsafa tutapimwa vivyo hivyo kwa maneno yetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Allama Iqbal, amsamehe alipokosea, na atujaalie sisi na watoto wetu elimu yenye manufaa na ndimi zenye kusema kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.